Spika Janja Inapogoma Kuingia Wi-Fi: Mkazi Aanzie Wapi

Maelezo kwa wakazi wa Frere Town



Frere Town ni mahali panapojua thamani ya sauti inayofika. Church Missionary Society ilianzisha mtaa huu mwaka wa 1875 uwe makao ya watu waliookolewa kutoka utumwani, ukapewa jina la Sir Bartle Frere. Kengele yake ya tahadhari ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake.

Leo, katika baadhi ya nyumba, sauti inatoka kwenye spika janja. Mara nyingi imeletwa na jamaa anayefanya kazi Dubai, Doha au Marekani. Kwa kijana huenda ikawa ni ya muziki tu. Kwa mzee ambaye macho yamepungua nguvu, ni redio, saa na kikumbusho cha dawa, vyote kwa kutamka neno. Ikigoma kuingia Wi-Fi, yeye ndiye anayepata hasara kubwa zaidi.

Kabla ya kumlipa fundi au kununua nyingine, mwenye nyumba ajue kwamba tatizo huwa katika sehemu tatu: intaneti yenyewe, ruta, au spika.

Sehemu ya kwanza hupimwa kwa simu. Mtumiaji azime data ya simu, aache Wi-Fi pekee, kisha afungue ukurasa wowote. Usipofunguka, spika haina kosa. Malipo yamekwisha au laini ina hitilafu. Ukifunguka, aende sehemu ya pili. Baada ya umeme kukatika na kurudi, ruta ipewe dakika chache iwake kikamilifu kabla ya kujaribu.

Katika ruta kuna mambo manne ya kuangalia. La kwanza ni masafa. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri, na spika nyingi za bei nafuu hutambua hayo tu. La pili ni umbali: ukuta mnene wa mawe hupunguza nguvu ya mawimbi, hivyo spika isogezwe karibu na ruta wakati wa kuunganishwa. La tatu ni nenosiri: likibadilishwa, kila kifaa kinahitaji jipya, na herufi kubwa na ndogo si sawa. La nne huwapata wenye vifaa vilivyonunuliwa Marekani. Vingi havioni mtandao ulio kwenye chaneli ya 12 au 13. Ruta ikiwekwa chaneli ya 1, 6 au 11, jina la mtandao huonekana.

Wapangaji wanaotumia Wi-Fi ya vocha wana tatizo lao. Mtandao wa namna hiyo hufungua kwanza ukurasa wa kuandika namba ya vocha. Spika isiyo na kioo haiwezi kufungua ukurasa huo, hata mtu akijaribu kutwa nzima. Njia ni kumwomba mwenye mtandao akiruhusu kifaa hicho moja kwa moja, au kutumia hotspoti ya simu. Kwa hotspoti, mara nyingi huhitajika simu ya pili ya kuendesha programu ya spika.

Sehemu ya tatu ni spika yenyewe. Iliyotoka ng'ambo inaweza kuwa bado inatafuta Wi-Fi ya nyumba ilikotoka, na bado imesajiliwa kwa akaunti ya aliyeituma. Jamaa huyo aiondoe kwenye akaunti yake, kisha isajiliwe upya hapa. Hili si la kiufundi tu. Maombi ya sauti yanaweza kuhifadhiwa katika akaunti hiyo, na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Wageni na watoto wa nyumba nao wana haki hiyo; kitufe cha kuzima maikrofoni kipo katika spika nyingi, na kitumike.

Kuirudisha spika kwenye hali ya kiwandani kuwe hatua ya mwisho, kwa sababu hufuta mipangilio yote. Aliyeanza na hatua hiyo huku laini ya intaneti imekatika atakuwa amejiongezea kazi bila kutatua chochote.

Kuna tahadhari moja kubwa. Hakuna spika inayohitaji PIN ya M-PESA ili iingie Wi-Fi. Anayepiga simu au kubisha hodi akiiomba, kwa kisingizio cha kurekebisha mtandao, ni mwizi. Fundi wa kweli akihitaji nenosiri la Wi-Fi, mwenye nyumba aliandike mwenyewe, na alibadilishe kazi ikiisha.

Vijana wanaojua mambo haya wasiwaachie wazee wahangaike. Kupima intaneti kwa simu ni kazi ya dakika moja, na mzee akionyeshwa mara moja, safari ijayo atajua aanzie wapi.