Mfanyakazi Mmoja Katika Mgomo wa Wengi
Mazungumzo na wafanyakazi Wakristo, Musoma



Mada tuliyopewa jioni hii haikutoka vitabuni. Ilitoka kwa mama mmoja anayefanya kibarua cha kuchambua samaki kandokando ya ziwa letu. Alitungojea mlangoni baada ya Misa, akauliza: “Padre, wakitangaza kwamba nchi nzima igome, mimi nisiye na mkataba wala kadi ya chama nitagomaje? Nikibaki nyumbani siku moja, kesho yake jina langu halisomwi langoni.” Tulimjibu kwa haraka kwamba tutamwombea. Alitikisa kichwa kwa adabu, akaenda zake. Jibu lile limetusumbua tangu siku ile, nasi tumekuja kulirekebisha.

Tuanze na walio dhaifu kuliko yeye. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi. Walikuwamo makuli wa bandari na watu wa reli, ambao wamezoea kufanya kazi kwa makundi na kwao si vigumu kupatana. Lakini walikuwamo pia wahudumu wa hoteli na watumishi wa majumbani. Hebu mfikirieni mpishi wa nyumba ya Mzungu wakati ule: hana mwenzake wa kushauriana naye jikoni, analala katika chumba cha uani alichopewa na mwajiri, na akifukuzwa anapoteza mshahara na paa siku hiyohiyo. Hata hivyo watu wa namna hiyo walitoka. Walitoka kwa sababu mikutano ilifanyika hadharani uwanjani, na kila mmoja aliweza kuona kwa macho yake kwamba hakuwa peke yake. Mgomo ulidumu siku 12. Baadaye baraza la uchunguzi liliwapatia nyongeza ya mishahara. Hata hivyo Chege Kibachia, aliyekiongoza chama kilichozaliwa katika mgomo ule, alikamatwa mwezi Agosti mwaka uleule akahamishiwa mbali na watu wake. Hatusemi mambo haya ili kuwatisha. Tunasema ili mjue kwamba gharama ilikuwapo, na haikugawanywa sawasawa.

Mwezi Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam nao waligoma, na mgomo wao ukaifuata njia ya reli kuelekea bara, Morogoro, Dodoma hadi Tabora. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja, makuli wakitangulia mwezi Agosti na mji mzima ukifuata Septemba. Angalieni jinsi habari ilivyosafiri: haikungojea tangazo la redio, bali ilipita mdomoni mwa mtu mmoja hadi sikioni mwa mwingine, stesheni kwa stesheni. Tunadhani hapo ndipo penye jibu la yule mama, ingawa si jibu lote.

Sisi wa kandokando ya ziwa tunalijua kokoro. (Tunajua pia kwamba lilipigwa marufuku, tunatoa mfano tu, hatufundishi uvuvi.) Anayevuta kamba hajui kama ni mkono wake unaolileta kokoro ufukweni. Akiiachia peke yake, wenzake huongeza nguvu na kazi huendelea. Wakiachia wengi kwa pamoja, samaki wamekwenda. Basi mfanyakazi asidhani kwamba thamani ya kugoma kwake hupimwa kwa hasara anayomtia mwajiri yeye binafsi. Thamani yake ni kwamba jirani yake, akimwona ameiachia kamba, hupata ujasiri wa kuachia naye. Kwa sababu hiyo kazi kubwa ya mtu mmoja hufanyika kabla ya siku ya mgomo, katika kusema na wawili au watatu anaowaamini.

Sasa sheria, kwa maana wengi wameumia kwa kutoijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatofautisha mambo mawili. Kuna mgomo unaotokana na mgogoro kati ya wafanyakazi na mwajiri wao. Huo hutanguliwa na usuluhishi, kura ya wanachama na taarifa ya saa 48. Kuna pia kuacha kazi ili kutetea maslahi ya kijamii na kiuchumi ya wafanyakazi kwa jumla, na huko ndiko kunakokaribiana na mgomo wa nchi nzima. Sheria inataka kuitishwe na chama kilichoandikishwa au shirikisho la vyama. Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii lipewe taarifa yenye sababu, muda na namna. Siku 30 zipite. Kisha itolewe taarifa ya siku 14 kabla ya kuanza. Yakitimizwa hayo, anayeshiriki hajavunja mkataba wake, wala hapaswi kufukuzwa kwa kushiriki. Mshahara wa siku asizofanya kazi, mwajiri halazimiki kuulipa. Watumishi wa umma, walimu wakiwamo, wana pia utaratibu wao chini ya sheria ya mwaka 2003, nao wamwulize mwakilishi wa tawi lao.

Kwa hiyo, mwalimu uliye peke yako katika shule ya kijijini huko Bunda, usiridhike na uvumi wa kwenye simu. Dai kuiona taarifa yenyewe, tarehe yake na sahihi ya chama. Mgomo wa walimu ulioanza tarehe 30 Julai 2012 ulisimamishwa na Mahakama Kuu siku chache baadaye kwa kuwa utaratibu haukufuatwa, na waliokuwa wameitikia kwa moyo safi walijikuta hawana kinga. Miaka miwili kabla yake, shirikisho la vyama, TUCTA, lilikuwa limetangaza mgomo wa nchi nzima uanze tarehe 5 Mei 2010, likidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Rais aliupinga katika hotuba yake ya tarehe 3 Mei, nao ukaahirishwa. Mfanyakazi aliyekuwa amejiandaa kwa wiki kadhaa alipata habari hiyo siku ya mwisho. Viongozi wa vyama hukumbuka kuwaita wanachama, lakini mara chache hukumbuka kuwaeleza kwa nini wanawarudisha.

Je, vipi kuhusu kibarua? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo wa 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, isipothibitishwa vinginevyo, akiwa amemfanyia mtu mmoja kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mama anayechambua samaki huzipita saa hizo katika wiki moja! Kinachomkosesha ni ushahidi. Basi aandike katika daftari la mtoto wake siku aliyoingia, saa aliyotoka na fedha aliyopokea. Kuandika hivyo si kugoma, lakini bila maandishi hayo hatakuwa na la kusimamia.

Kanisa halikuanza jana kuusema mgomo. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliukubali kuwa njia halali ya wafanyakazi bila kuadhibiwa, akausia kuwa ni njia ya mwisho, isiyopaswa kugeuzwa chombo cha siasa wala kuwanyima watu huduma wasizoweza kuishi bila hizo. Sheria yetu nayo imewatenga watu wa maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege. Muuguzi aliyebaki wodini wakati wenzake wa viwandani wametoka si msaliti. Anaweza kushiriki kwa kutoa sehemu ya mshahara wake kwa waliokatwa wao. Wagonjwa waliorudishwa majumbani katika mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 walikuwa maskini, kwa maana mwenye fedha alikwenda kwingine. Madai ya madaktari yalikuwa mazito, hilo hatulikani.

Na anayekataa kugoma kwa dhamiri yake asipigwe, wala mtoto wake asizomewe kisimani. Sheria inakataza hata kukaa langoni kuwazuia wenzako, na inakataza vilevile mwajiri kuweka watu wengine mahali pa waliogoma kwa halali.

Tuseme pia neno ambalo halisemwi sana katika mkoa huu. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, tunamheshimu. Lakini ni serikali yake iliyoubana mgomo kwa sheria ya mwaka 1962, na mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, ikalivunja shirikisho huru la wafanyakazi na kuweka chama kimoja, NUTA. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokemea ubwana wa viongozi kazini, wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliuchukua maneno yake wakaacha kazi wakiwa nayo mkononi. Tumerithi woga na ujasiri kwa pamoja.

Limebaki tumbo. Siku 12 za Mombasa zilikuwa siku 12 bila mshahara, na kwa kibarua hata siku tatu ni njaa. Hapa parokia haiwezi kusema itaomba tu. Jumuiya ndogondogo, ambazo hukusanya unga na dagaa kwa ajili ya msiba, zinaweza kukusanya hivyohivyo kwa nyumba ambayo mama yake ameacha kazi kwa haki, bila kuuliza ni wa dhehebu gani. Tumekwisha kuzungumza na wenyeviti wawili. Mmoja amekubali. Wa pili ameuliza, kwa haki kabisa, nani atakayeamua kwamba mgomo huu ni wa haki na ule si wa haki, nasi tumemwomba aje Jumamosi pamoja na yule mama, ambaye kwa sasa anataka kwanza kujua kadi ya chama inapatikana kwa nani.