Ng'ombe Haonekani: Utafutaji katika Hifadhidata za Maandishi ya Kiswahili



Kuna jaribio dogo ninalopenda kulifanya kwenye tovuti mpya ya Kiswahili, iwe ya katalogi ya vitabu, makala za kilimo au matangazo ya halmashauri. Naandika ng'ombe katika kisanduku cha kutafutia. Tovuti iliyojengwa harakaharaka hunijibu kwamba hakuna kilichopatikana, au hunipa ukurasa mweupe wenye ujumbe wa kosa la hifadhidata. Ng'ombe wamo tele humo ndani, ila hawaonekani.

Mada hii nawaandikia wenzangu tunaojenga tovuti ndogo na za kati kwa PHP na MySQL, au kwa PostgreSQL. Hoja yangu ni kwamba zana za kutafuta tunazozipakua zilitengenezwa kwanza kwa lugha zinazobadilisha mwisho wa neno, na Kiswahili hubadilisha sana mwanzo wake. Kwa hiyo kazi kubwa imebaki mikononi mwetu, na ni kazi ya lugha kuliko ya programu.

Tuanze na ule ukurasa wa kosa. Mwandishi wa programu amechukua neno la mtafutaji na kulibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, katikati ya alama mbili za nukuu. Ritifaa ya ng'ombe inafunga nukuu kabla ya wakati wake, na "ombe" inabaki nje, hifadhidata isijue ifanye nayo nini. Mkulima aliyeuliza habari za mifugo amegundua bila kujua upenyo uleule anaoutumia mdukuzi kufuta jedwali zima. Dawa inajulikana: neno la mtafutaji lipitishwe kama parameta, peke yake, lisichanganywe kamwe na maandishi ya amri. PDO ya PHP ina njia ya kufanya hivyo, na lugha nyingine zina njia zao. Hili halina mjadala, na tovuti isiyofanya hivyo ifungwe hadi irekebishwe.

Kosa likiisha, ng'ombe bado anaweza kukosekana. Ritifaa zenyewe ni nyingi. Ipo iliyonyooka ya kibodi ya kompyuta, na ipo iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe. Kwa macho zinafanana, kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Wapo pia wanaoandika "ngombe" tu, hasa kwenye simu. Juu ya hayo, PostgreSQL ikikata sentensi kuwa maneno hukata kwenye ritifaa, na kumfanya mnyama wetu kuwa "ng" na "ombe". Mimi huondoa ritifaa za kila aina na kugeuza herufi zote kuwa ndogo, pande zote mbili: katika nakala ya maandishi inayotumika kutafutia, na katika neno la mtafutaji kabla halijafika kwenye hifadhidata. Maandishi ya asili hayaguswi, ndiyo yanayoonyeshwa. Ni kweli kwamba "ng'oa" na "ngoa" zitachanganyika, lakini afadhali msomaji aruke jibu moja lisilomhusu kuliko akose analolitaka.

Sasa namna ya kutafuta. Wengi huanza na LIKE yenye alama ya asilimia mbele na nyuma ya neno. Sioni aibu ndani yake. Jedwali likiwa na rekodi elfu chache, seva itasoma zote na msomaji asihisi kuchelewa. Tatizo ni kwamba asilimia ikikaa mbele ya neno, faharasa ya kawaida ya jedwali haisaidii kitu, kwa hiyo kila swali linapitia rekodi zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Tena LIKE haijui neno linaanzia wapi. Anayetafuta "tabu" ataletewa vitabu vyote vya maktaba, kwa kuwa kila kitabu kina tabu ndani yake.

Kwa hiyo tunahamia kwenye faharasa ya maneno, ile ambayo kwa kila neno huweka orodha ya rekodi zenye neno hilo. PostgreSQL inayo, SQLite inayo katika FTS5, na MySQL inayo kwa majedwali ya InnoDB tangu toleo la 5.6. Hapa ndipo mipangilio ya kiwandani inapotuponza. InnoDB huacha maneno yenye herufi chini ya tatu, na ina orodha fupi ya maneno ya kupuuzwa ambayo karibu yote ni ya Kiingereza. PostgreSQL inakuja na mipangilio ya lugha nyingi za Ulaya na kadhaa za Asia, Kiswahili hakimo. Ukiiacha kwenye Kiingereza, itakata e ya mwisho ya "pembe" ibaki "pemb", huku "watu" na "mtu" ikiwaona kuwa hawana undugu wowote. Njia ya Martin Porter ya mwaka 1980, ambayo ndiyo babu wa zana nyingi za aina hii, hukata viambishi tamati. Chagua mpangilio uitwao simple, usiokata chochote, kisha ujenge juu yake.

Kishawishi kinachofuata ni kuandika kanuni ya kukata mwanzo: toa m-, wa-, ki-, vi-, ma-. Jaribu uone. "Maji" yanabaki "ji", na "mama" anabaki "ma". Ukikata -ni ya mahali ili "shuleni" irudi "shule", "amani" inageuka "ama". Vitenzi navyo vina mitego yake: ukiondoa kiambishi cha nafsi na cha wakati kutoka "walisoma" unapata "soma", vizuri kabisa, lakini kanuni hiyohiyo inawageuza "walimu" kuwa "mu" na "umeme" kuwa "me".

Kinachofanya kazi ni jedwali la maumbo lenye safu mbili, umbo na neno la msingi: vitabu na kitabu, macho na jicho, nyuso na uso, walimu na mwalimu. PostgreSQL hulipokea kama faili la visawe. Kwenye MySQL utalisoma kwa programu yako wakati wa kuhifadhi rekodi na wakati wa kutafuta. Neno lisilokuwemo liachwe lilivyo. Kanuni ya kukata vitenzi iruhusiwe tu pale kinachobaki kipo katika orodha ya mashina ya vitenzi, na hapo umeme unapona. "Kuta" inaweza kuwa wingi wa ukuta au kitenzi; pale zana inapokubali, iingizwe kwa maneno yote mawili ya msingi.

Orodha ya kuanzia usiitafute mbali. PostgreSQL ina kazi iitwayo ts_stat inayotoa kila neno lililomo katika hifadhidata yako na idadi ya rekodi zenye neno hilo. Panga kwa wingi, chapa kurasa za mwanzo, keti na mwalimu wa Kiswahili mwenye kalamu. Maneno machache yanayojirudia sana hubeba sehemu kubwa ya maandishi, kwa hiyo huhitaji kamusi nzima.

Majina ya watu ni shauri jingine. Mwandishi wa *Mzimu wa Watu wa Kale* anaweza kuandikwa Muhammed katika rekodi moja na Mohamed katika nyingine, na msomaji akaandika Muhammad. PostgreSQL ina nyongeza ya pg_trgm inayokata neno kuwa vipande vya herufi tatu na kulinganisha vipande hivyo. Mohamed na Mohammed wanafanana kwa 0.7, safi. Mohamed na Muhammad wanapata 0.13 tu, chini ya kiwango cha kawaida cha 0.3, hivyo wanatupwa. Ukishusha kiwango hadi wafikiane, utakaribisha majina yasiyohusika kabisa. Kwa majina ya pwani yenye asili ya Kiarabu, andika visawe kwa mkono. Vipande vya herufi viachiwe makosa ya vidole.

Kuhusu mpangilio wa majibu sina mengi. Neno lililo katika kichwa lishinde lililo katika maelezo, majibu kumi kwa ukurasa yanamtosha mtu wa simu na kifurushi chake, na swali likae katika anwani ya ukurasa ili matokeo yaweze kutumwa kwa WhatsApp.

Mwisho, hifadhi maneno yaliyotafutwa yakakosa jibu. Weka neno, tarehe na idadi ya majibu, bila jina wala anwani ya mtandao ya aliyeuliza. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ya 2022, na neno la kutafuta laweza kufichua ugonjwa au dini ya mtu. Orodha hiyo asipewe fundi wa kompyuta. Apewe mkutubi au mhariri, na apewe pia ukurasa wa kuongeza maumbo na visawe mwenyewe bila kumpigia fundi simu. Katika mikataba ya tovuti zenu, andikeni ukurasa huo kama kazi inayolipiwa, pamoja na saa za mkutubi kila mwezi.