Jina lake haiko SS

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Pweto, 19 Juni, siku ya dunia ya kupigana na ugonjwa wa SS)

 

Mudogo wangu wa kike ana miaka 17. Ananipita kwa hesabu, na anaandikaka hadisi mu kaye. Lakini mu kartie yetu wengi hawamuite jina. Wanasema tu: "Ule mutoto wa SS." Mwalimu mumoja alimuambia asijisumbue na ekzame ya Leta, juu "ba SS hawazeekake". Alilia siku mbili. Maumivu ya mifupa ameyazoea. Neno lile, hapana.

Juzi tulitazama pamoja filimu Augure ya mwaka 2023. Mwenye kuitengeneza ni Baloji, mutoto wa Lubumbashi. Lile jina siwatafsirie, munalisikia wenyewe. Mu filimu, kijana Koffi anatoka Ulaya kuja kuona jamaa yake. Amenyoa nywele, amejifunza tena Swahili, ameleta mahari. Anabeba mutoto wa dada yake, damu inamutoka mu pua, inaangukia mutoto. Basi, wanamukamata. Tangu udogo wake walimuita zabolo, juu ya alama aliyozaliwa nayo. Mudogo wangu akasema: "Yaya, damu inamutoka yeye, lakini wao ndio wanaogopa."

Amesoma pia kitabu cha Mumarekani John Green, cha 2012. Hazel, musichana mwenye kansa, anakutana na kijana Augustus. Anapoanza kueleza ugonjwa, Augustus anamukatiza: anataka kujua yeye ni nani. Mudogo wangu alirudilia ukurasa ule mara nyingi. Hapa kwetu, nani alimuuliza vile?

Wandugu, SS haiko ulozi. Watanzania wanaitaka selimundu, juu chembe za damu zinapinda sawa mundu, zinaziba njia ya damu, ndiyo maumivu. Mutoto anaipata kwa baba na mama, wote wawili. Wazazi wakiwa AS na AS, kila mimba ina nafasi moja kwa ine ya kuzaa mutoto SS. Mama peke yake hana kosa. Bibi mu kijiji hana kosa.

Kwa hiyo tunaomba tatu. Mukitaka kuoana, mupime damu mbele. Lakini majibu yasigeuke jina la kumuitia mutu. Leta iweke damu na dawa karibu, juu usiku wa krizi jamaa inazunguka na moto kutafuta mutu wa kutoa damu. Na wenye kuandika hadisi na teatre: musimulete mugonjwa kila mara kuja kufa tu ili wengine wajifunze. Mumuache apende, akosee, acheke, agombane.

Mimi mwenyewe nina diplome ya universite mu sakoshi, lakini watu wananiita "shomeri". Neno moja linaweza kumeza mutu muzima. Lakini mimi nikipata kazi kesho, langu litaisha. Lake watamuzika nalo, tusipoacha.

Aliniomba nisitaje jina lake leo. Anasema atalitaja yeye mwenyewe, juu ya hadisi yake, siku itakapoisha.