ITAENDELEA: NENO KWA WALE WANAONGOJA

Neno la msingi: Habakuki 2:1-4

Tunawasalimu ninyi wa Uvira mjini, wa Kavimvira, Kalundu, Kiliba na Sange, na ninyi wa Makobola na Baraka ambao karatasi hii inawafikia mikononi mwa wasafiri. Fungueni Biblia, someni Habakuki sura ya pili, aya nne za kwanza, kisha turudi hapa pamoja.

Vijana wa kwaya walituletea swali. Wao wanasoma hadithi za picha katika telefone, wanapeana sura moja moja. Mara hadithi inafika mahali pa moto, halafu chini ya ukurasa kunaandikwa neno moja tu: itaendelea. Wiki inapita, mwezi unapita, mwaka unapita, haiendelei. Wanakasirika, hata wanamtukana mchoraji. Swali lao: hasira hiyo ni dhambi? Wazee wengine walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu ndani ya swali hilo kuna swali la kanisa zima. Ni nani kati yetu asiyengoja ukurasa unaofuata? Kuna mama anayengoja mume aliyekwenda machimboni, mwalimu anayengoja mshahara, familia inayongoja jamaa zao walioko kambi ya Nyarugusu huko Kigoma. Na sisi wote tunangoja amani.

1. ITAENDELEA NI AHADI

Anayeandika "itaendelea" amefunga deni. Msomaji ametoa muda wake na moyo wake, naye ana haki ya kuuliza: lini? Mithali 13:12 inafundisha kwamba tumaini linalocheleweshwa huugonjesha moyo. Biblia haimwambii mgonjwa huyo kwamba anajifanya. Habakuki mwenyewe alianza kitabu chake kwa kumlilia Mungu: mpaka lini? Mungu hakumfukuza kwa kuuliza. Basi kuumia si dhambi. Shida inaanza katika lile tunalofanya na maumivu hayo.

2. TUJUE KWANZA KINACHOCHELEWESHA

Mtu akichelewa, midomo yetu ina jibu moja haraka: mvivu huyo! Hebu tuangalie mambo yaliyotokea kweli.

Wengi wenu mnamjua Tintin, ijapokuwa kile kitabu chake cha Kongo kilituchora sisi Wakongo kwa dharau. Mwaka 1939 Hergé, mchoraji wake, alianza hadithi nyingine, "Au pays de l'or noir", katika gazeti la watoto huko Brussels. Tarehe 10 Mei 1940 jeshi la Ujerumani likaingia Ubelgiji, gazeti likafungwa, na hadithi ikakatika katikati. Mchoraji alichora hadithi nyingine wakati wa vita, lakini ile haikurudi mpaka mwaka 1948. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 hadithi ilipokatika alikuwa kijana wa miaka 18 ilipoanza tena. Kilichochelewesha ni vita. Sisi wa Uvira hatuhitaji kuelezwa namna vita inavyokata hadithi ya mtu katikati. Wako kati yetu walioacha shule mwaka 1996 wakiwa darasa la nne, na ukurasa uliofuata haukufunguliwa tena.

Mfano wa pili ni wa Japani. Yoshihiro Togashi alianza hadithi yake "Hunter x Hunter" mwaka 1998, katika jarida la kila wiki. Imesimama mara nyingi. Mara moja ilisimama tangu mwisho wa 2018 mpaka Oktoba 2022, karibu miaka minne. Watu walimwita mvivu, wakamfanyia mizaha. Kumbe mgongo na kiuno vilikuwa vinamuuma hata asiweze kukaa kwenye kiti na kuchora. Kilichochelewesha ni ugonjwa. Waliomtukana walikuwa wanampiga mtu aliyelala kitandani.

Hapa kwetu Kongo kuna sababu nyingine tena. Mwaka 1968 vijana wa Kinshasa walianza gazeti la picha lililoitwa "Jeunes pour Jeunes". Lilipendwa sana. Baadaye likabadilishwa jina likaitwa "Kake", na mwisho likatoweka. Kuchapa kunataka karatasi, wino, mashine, umeme na barabara. Moja likikosekana, msomaji anangoja. Mkitaka kujua ugumu huo, ulizeni namna karatasi hii mnayoshika inavyopatikana wakati umeme hakuna na daraja limebebwa na maji.

Kwa hiyo, kijana wetu, kabla hujafungua kinywa juu ya aliyechelewa, ujiulize: huenda ni vita? Huenda ni ugonjwa? Huenda ni njaa? Na neno hili si kwa wachoraji tu. Fundi wako wa nguo akichelewa, mdeni wako akichelewa, mchungaji wako akichelewa kufika kwenye kilio, uliza habari zake kwanza.

3. HATARI YA WANAONGOJA: KUJITENGENEZEA MWISHO

Hadithi ikikawia, wasomaji wengine huchora mwisho wao wenyewe na kuutawanya kama wa kweli. Wengine huuza sura za uongo. Jambo hilo ni la zamani. Soma Kutoka 32. Musa alikawia mlimani siku arobaini. Watu walichoka kungoja, wakamwendea Haruni, wakatoa pete zao za dhahabu, naye akawafanyizia ndama. Angalieni vizuri: ndama yule hakuzaliwa kwa ukosefu wa ibada. Siku ile walichinja sadaka, walifanya sikukuu. Alizaliwa kwa kukosa uvumilivu.

Na angalieni ni kitu gani kilichotangulia kutoka: dhahabu. Wapendwa, anayekuuzia mwisho wa hadithi yako huanza daima na pete zako. Siku hizi wapo wanaotembea kartie kwa kartie wakitoa tarehe. Mmoja anasema mwezi wa tano mume wako atarudi, lakini toa kwanza mbegu ya dola 50. Mwingine anasema jina lako limekwisha pita, utapelekwa Amerika, lakini leta pesa ya kufungua njia. Mama anauza mbuzi, kisha bati la nyumba, kisha kipande cha shamba la muhogo katika bonde la Ruzizi. Tarehe inafika, hakuna kitu, naye anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Tunasema wazi: hiyo ni ndama ya dhahabu. Usimpe mtu pete zako kwa ajili ya ukurasa ambao hakuandika yeye.

Mitume wenyewe waliuliza tarehe. Katika Matendo 1:6-8 walimwuliza Bwana kama ni wakati ule atakapourudisha ufalme. Aliwajibu kwamba nyakati hizo si zao kuzijua, ziko katika mamlaka ya Baba. Lakini hakuwaacha mikono mitupu: aliwaahidi nguvu ya Roho Mtakatifu na kuwapa kazi ya ushuhuda. Walinyimwa tarehe, wakapewa nguvu na kazi. Yeyote anayekupa tarehe bila kukupa kazi amegeuza neno la Bwana.

4. MUNGU SI KAMA WACHORAJI HAO

Mwaka 2021 Mjapani mwingine, Kentaro Miura, alikufa akiwa na miaka 54, na hadithi yake "Berserk", aliyoianza mwaka 1989, haijaisha. Hadithi yenyewe hatuwashauri mwisome, imejaa damu na mashetani. Tunataja lililofuata. Miura alikuwa na rafiki tangu ujana, Kouji Mori, naye mchoraji. Miaka mingi nyuma alimsimulia rafiki huyo hadithi yote mpaka mwisho. Mwaka 2022 kazi iliendelea kwa mikono ya wanafunzi wa Miura, na Mori akiwaongoza. Aliahidi kwamba ataleta yale tu aliyoyasikia kwa rafiki yake.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza: mwandishi wa kibinadamu anaweza kufa na kalamu mkononi. Mwandishi wetu alikufa pia, lakini siku ya tatu alifufuka. Waebrania 12:2 inamwita mwenye kuianzisha imani yetu na mwenye kuitimiza. Vita haimzuii, ugonjwa haumlazi, kaburi limekwisha shindwa. Petro naye, katika waraka wake wa pili 3:9, anaeleza kwamba kile ambacho watu wanakiita kukawia kwa Bwana ni uvumilivu wake, maana hapendi mtu yeyote apotee. Yaani anayekungojesha anamngoja mtu. Labda ni ndugu yako ambaye hajatubu.

La pili: katika Yohana 15:15 Bwana alituita rafiki, kwa sababu ametujulisha aliyoyasikia kwa Baba yake. Kazi ya rafiki ni kusema aliyosikia, asiongeze la kwake. Mhubiri akiulizwa juu ya jambo ambalo Bwana hakusema, jibu lake la haki ni fupi: Bwana hakutuambia.

5. TUNGOJE NAMNA GANI?

Habakuki hakulala akingoja. Alisimama kwenye zamu yake, aliambiwa aandike maono yasomeke wazi, na aliambiwa kwamba hata yakionekana kukawia, ayangoje. Kungoja ni kazi ya zamu.

Wavuvi wetu wanajua. Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo usiku ule mitumbwi inabaki ufukweni. Je, mvuvi anatupa nyavu zake ziwani kwa hasira? Hapana. Anazishona, anasafisha taa, anaziba mtumbwi. Giza linaporudi, anayekuwa tayari ndiye anayepata.

Ziwa letu lina ushuhuda mwingine tena. Mchoraji wetu Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora pamoja na Christophe Cassiau-Haurie kitabu cha picha kiitwacho "Madame Livingstone", kilichotoka mwaka 2014. Kinasimulia vita ya kwanza ya dunia hapa Tanganyika, Wabelgiji na Wajerumani wakigombania ziwa. Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen. Mwezi wa saba 1916 walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe wasiiache kwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka mashine zake grisi nzito. Meli inashuka majini, na fundi bado anapaka mafuta! Kwa nini? Aliamini hadithi ya meli ile haijaisha. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa chini ya maji, mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri kwa jina la Liemba. Na mwaka 1997 meli hiyo ilibeba Wakongo waliokimbilia Tanzania, ikawarudisha kwetu. Fundi yule wa 1916 hakujua habari za wakimbizi wa 1997. Yeye alipaka mafuta tu.

Wanawali watano wenye busara, katika Mathayo 25, walifanya vilevile. Bwana arusi alikawia, wote kumi walisinzia. Tofauti ilikuwa mafuta.

Basi tunawaomba mambo haya. Wewe unayengoja mume, tunza watoto na maombi, wala usiuze bati la nyumba kwa mtoa tarehe. Wewe mwenye jamaa kambini, wapigie simu, usiache jina lao lisahauliwe mezani kwako. Wewe uliyeahidi mtu kitu, na umechelewa, mtumie neno leo umwambie sababu; kunyamaza kunaumiza kuliko kuchelewa, na Mathayo 5:37 inataka ndiyo yetu iwe ndiyo. Na ninyi vijana mnaochora, Mungu amewapa mikono. Chukueni Luka 14:28-30, habari ya mnara uliobaki nusu. Maliza kwanza kurasa nane, ndipo uahidi themanini. Choreni habari za Uvira, mzimalize, na kanisa litazisoma.

Chini ya ukurasa wa Uvira leo kumeandikwa "itaendelea". Hatujui ukurasa unaofuata una nini. Tunamjua anayeuandika, na tunajua kwamba mkono wake una alama za misumari.

Tuombe. Bwana Yesu, tazama wanaongoja katika mji huu na kando ya ziwa hili. Ponya moyo ulioumia kwa kungoja. Funga kinywa cha wanaouza tarehe. Utupe mafuta ya kutosha mpaka utakapokuja. Katika jina lako tumeomba. Amina.