Jasho Lililovuka Bahari

Somo: 2 Wakorintho 8:16–21

Leo tuzungumze juu ya fedha zinazotoka nchi za ng'ambo, na hasa juu ya mikono inayozipokea.

Zamani jamaa aliye mbali alituma manioda, nasi tukangoja posta siku nyingi. Siku hizi simu hulia mfukoni, na fedha zimekwisha fika. Benki Kuu ya Kenya yatuambia kwamba mwaka 2024 Wakenya walioko nchi za nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Hizo ni nyingi kuliko zile tulizopata kwa kuuza chai yetu nje. Sehemu kubwa ilitoka Marekani, na nyingine nyingi Saudi Arabia, ambako binti zetu wengi hufanya kazi katika nyumba za watu.

Hebu tumfikirie mmoja wao. Amemwacha mtoto kwa ndugu zake. Huamka kabla ya alfajiri, hupika, hufua, hulea watoto wa mwingine, na kulala usiku wa manane. Kila mwezi hutuma shilingi 20,000: 8,000 za karo na chakula cha mtoto, na 12,000 kwa kaka yake, amnunulie kiwanja na kumjengea. Akipiga simu huambiwa, "Msingi umekwisha, dada. Sasa tunatafuta mabati." Baada ya miaka miwili arudi na sanduku lake, aomba kupelekwa kwenye nyumba yake. Hakuna msingi, wala kiwanja. Shilingi 288,000 zimekwenda.

Kaka asema, "Kulikuwa na shida nyingi." Huenda ni kweli. Huenda mzee aliugua, huenda mvua ilikosa. Lakini shida haikumlazimisha kusema kuna msingi mahali penye nyasi. Angalimwambia dada yake mwezi ule ule, pengine dada mwenyewe angalisema, "Mtibuni baba kwanza." Alinyimwa hata nafasi ya kutoa kwa hiari yake. Na miaka ile miwili, nani atamrudishia?

Ndugu yangu, mtume Paulo aliijua hatari hii. Makanisa ya Makedonia na Akaya yalichanga fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, ng'ambo ya bahari. Nani angemshuku mtume? Lakini yeye hakutaka kuzishughulikia peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliojulikana, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, ili mtu yeyote asipate la kulaumu. Alitaka mambo yawe safi mbele za Mungu, na mbele za watu pia.

Sisi nasi kanisani hatumwachii mtu mmoja kuhesabu sadaka. Mbona basi nyumbani twaona ni matusi dada akiuliza fedha zake zimefanya nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wewe unayepokea, nunua daftari. Andika kilichoingia na kilichotoka, utunze risiti. Hati ya kiwanja iandikwe jina la mwenye jasho, si jina lako. Mtu wa pili katika jamaa ajue hesabu. Na haja nyingine ikizuka, uliza kabla ya kugusa.

Nawe uliye mbali, usione haya kusema, "Mwezi huu sina." Kazi za huko zina siku zake za ukame, na anayekupenda atakuelewa.

Tena, tusimfanye ndugu yetu kuwa kisima ambacho hutembelewa na wenye ndoo tu. Juma hili mpigie simu bila kuomba kitu. Muulize kama amekula, kama analala vizuri, kama anapewa siku ya kupumzika. Mwambie mtoto wake amejifunza nini shuleni. Habari hizo ni chakula kwa mtu aliye peke yake ugenini.

Tuombe. Ee Baba, walinde wana wetu na binti zetu walio mbali. Utupe sisi tuliobaki mikono safi na ulimi wa kweli, ili siku watakaporudi watukute waaminifu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.