GITAA LA KASHA: KAZI INAYOANZA NA KILICHOPO

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa pwani inawafaa pia watu wa bara, maana kila chombo kinachopendeza macho au masikio kilikuwa kwanza kipande cha mti mikononi mwa mtu ambaye hapo mwanzo hakuijua kazi. Mazungumzo haya yanahusu chombo kimoja cha namna hiyo, yaani gitaa linaloundwa nyumbani kwa kasha la mbao, shingo ya mti na nyuzi tatu.

Jambo hili si la mchezo tu. Katika mkoa wa Tabora wako vijana ambao msimu wa tumbaku ukiisha hubaki hawana la kufanya. Vipo vipande vya mninga ambavyo katika karakana za maseremala huishia kuwa kuni. Wako pia wazee waundaji wa zeze ambao ujuzi wao umo mikononi, haumo vitabuni. Vitu hivyo vitatu vikikutanishwa, hupatikana kazi. Vikiachwa kila kimoja peke yake, kuni zitaungua, kijana ataondoka, na mzee atazikwa pamoja na ujuzi wake.

Asili ya chombo

Huko Marekani, katika karne ya 19, sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa ziliuzwa ndani ya makasha madogo ya mbao nyembamba. Sigara zilipokwisha, watu wasio na fedha za kununua gitaa au fidla waliyatia makasha hayo shingo na nyuzi. Msanii Edwin Forbes, aliyefuatana na majeshi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, aliacha mchoro wa askari akipiga fidla ya kasha la sigara kambini. Baadaye wapigaji wa muziki wa bluzi wa kusini mwa nchi hiyo, miongoni mwao Lightnin' Hopkins wa Texas, walianza na makasha hayo hayo.

Tabora ni nchi ya tumbaku, lakini tumbaku yake huondoka katika marobota, na kasha la sigara nene halionekani madukani. Hilo si kikwazo. Katika Kongo, Franco Luambo Makiadi, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuwa bingwa wa gitaa aliyesikika Afrika nzima hadi alipofariki mwaka 1989, alianza utotoni na gitaa la kopo lililotiwa nyuzi za waya wa umeme. Aliyekosa kasha alitumia kopo, na aliyekosa kopo alitumia kibuyu.

Hapo ndipo Unyamwezi unapoingia, tena kwa heshima ya mtangulizi. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe na kuendelea mpaka Ujiji, haikutembea kimya. Kirangozi alitangulia, ngoma ikapigwa, baragumu la pembe ya tandala likalia, na jioni kambini zikasikika nyuzi. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze karibu na Tabora ya leo mwaka 1857, alilieleza zeze katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1860. Zeze hilo lilikuwa na sehemu zote ambazo gitaa la kasha linazihitaji: kibuyu cha kukuza sauti, fimbo ya kuwa shingo, mahali pa vidole palipochongwa, na uzi uliokazwa. Kwa hiyo mwanagenzi wa Tabora hajifunzi kazi ngeni. Anarudia kazi ya babu zake kwa kutumia kasha badala ya kibuyu.

Muziki huo haukufa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha zeze kwenye majukwaa ya Ulaya na akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mji wa Tabora nao ulijulikana nchi nzima kwa bendi yake ya Tabora Jazz, ambayo marehemu Shem Karenga aliiimbia. Masikio ya kusikiliza yapo. Kinachohitajika ni mikono ya kuunda.

Vifaa na uundaji

Mwanagenzi atafute kwanza kasha lenye urefu wa sentimita 30 hivi, upana wa 20 na kina cha 7. Akilikosa, aliunde mwenyewe kwa mbao nyembamba. Uso wa juu, ambao ndio unaotetemeka na kutoa sauti, uwe mwembamba, wa milimita 3 au 4. Uso mnene husababisha gitaa kuwa bubu.

Shingo iwe ya mninga mkavu, urefu wa sentimita 90, upana wa 4, na unene wa sentimita 2 hadi 2.5. Mninga unasifiwa na maseremala kwa sababu ukishakauka haupindi ovyo. Neno la kushika hapa ni ukavu. Mti mbichi utapinda baada ya nyuzi kukazwa, na kazi yote itakuwa bure. Wala hakuna haja ya kukata mti msituni. Uvunaji wa miti ya asili bila kibali ni kosa kisheria, na kipande kilichobaki baada ya kuunda mlango au kitanda chatosha shingo moja. Yafaa kukumbuka kwamba mpingo wa Tanzania husafirishwa Ulaya kuundiwa klarineti na oboi, ala ambazo bei yake ni kubwa sana kuliko bei ya gogo. Faida kubwa humwendea yule anayeunda.

Shingo ipite ndani ya kasha kutoka upande mmoja hadi wa pili, chini ya uso wa juu, ili uzito wa nyuzi ubebwe na shingo, usibebwe na kasha. Sehemu ya shingo iliyo ndani ipunguzwe kwa randa milimita chache, isiguse uso unaotetemeka. Kisha yatobolewe matundu mawili ya sauti, kila moja kama sentimita 2 na nusu, karibu na pembe za juu. Gundi ipakwe na kuachwa ikauke usiku kucha. Haraka ya mwanagenzi huonekana zaidi kwenye gundi kuliko mahali pengine popote.

Vigingi vya kukazia nyuzi vichongwe kwa mti mgumu, vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili, kama vigingi vya zeze. Nta ya nyuki, ambayo Tabora haijapungukiwa nayo, ipakwe kidogo tu ili kigingi kizunguke bila kukwama. Ikizidi, kigingi kitateleza. Nta hiyo hiyo ikisuguliwa kwa kitambaa juu ya shingo huipa mng'ao na kuikinga na jasho.

Nyuzi tatu zisiwe na unene mmoja, bali ile ya sauti nzito iwe nene kuliko zote. Anayeweza kununua nyuzi za gitaa dukani achukue ya tano, ya nne na ya tatu. Asiyeweza, afumue waya wa breki ya baiskeli au atumie mshipi wa wavuvi. Sauti itakuwa hafifu zaidi, lakini somo litakuwa lile lile.

Kipimo ndicho mwalimu

Gitaa zuri hutofautiana na sanduku lenye nyuzi kwa jambo moja, nalo ni kipimo. Kutoka mahali uzi unapolalia kwenye kichwa cha shingo hadi kwenye daraja, yaani kijiti kinachoinua nyuzi juu ya kasha, pawe sentimita 60 kamili. Kisha shingo igawanywe kwa mistari 12 ambapo kidole kitakandamiza uzi. Kila mara urefu uliobaki hugawanywa kwa 17.8, na sehemu moja ikapunguzwa. Mafundi wa zamani walitumia 18 na kurekebisha kwa sikio.

Kwa urefu wa sentimita 60, mistari ikipimwa yote kutoka kichwani hukaa hivi: wa 1 sentimita 3.4, wa 2, 6.5, wa 3, 9.5, wa 4, 12.4, wa 5, 15.1, wa 6, 17.6, wa 7, 20.0, wa 8, 22.2, wa 9, 24.3, wa 10, 26.3, wa 11, 28.2, na wa 12, 30.0. Mwanagenzi asipime kutoka mstari mmoja hadi unaofuata, maana kosa dogo la kwanza litajumlishwa katika yote yanayofuata, kama vile kosa la hesabu katika daftari la mizani linavyoendelea hadi mwisho wa msimu.

Mistari ichorwe kwanza kwa penseli tu. Gitaa lipigwe kwa kupitisha chupa ndogo au kipande cha bomba juu ya nyuzi, na mstari wa penseli uwe kiongozi wa jicho. Sikio likiridhika, ndipo vipande vya waya vipachikwe katika mifereji iliyokatwa kwa msumeno mwembamba. Daraja lisigundishwe. Mgandamizo wa nyuzi utalishika, na linaweza kusogezwa mpaka sauti ya uzi uliokandamizwa mstari wa 12 iwe ile ile ya uzi mtupu, ila ya juu zaidi.

Kukaza nyuzi kwa sauti ni rahisi. Uzi mnene ukazwe kiasi, usiwe legevu wala usikaribie kukatika. Uzi wa pili ulinganishwe na wa kwanza ukiwa umekandamizwa mstari wa 7. Uzi wa tatu ulinganishwe na wa kwanza ukiwa umekandamizwa mstari wa 12. Nyuzi zikikaa hivyo, hata zikipigwa zote tatu bila kidole hupatana, na mwanagenzi hupata moyo siku ya kwanza.

Gitaa hilo la kwanza halitakuwa zuri. Lazima hata hivyo likamilishwe, litiwe nyuzi na kupigwa, kwa kuwa anayeacha kazi nusu hajui kosa lake lilikuwa wapi. Akilimaliza, aandike vipimo vyake kwenye karatasi na kuanza la pili.

Onyo kuhusu makopo

Wapo watakaotumia debe au kopo badala ya kasha. Debe la mafuta ya kula linafaa. Lakini kopo, galoni au chupa iliyowekwa dawa ya kuua wadudu wa tumbaku au pamba isitumiwe kamwe, hata ikioshwa mara ngapi. Sumu hubaki kwenye chombo, na gitaa hukumbatiwa kifuani na kushikwa na watoto. Vyombo hivyo vikishatumika hutakiwa kusuuzwa mara tatu shambani, maji yake yakimiminwa kwenye pampu ya kunyunyizia, kisha vitobolewe ili visitumike tena kwa jambo lolote. Katibu anayegawa pembejeo ndiye anayejua ni makopo mangapi yametoka ghalani. Basi ayaulizie yanapomalizika, maana mtoto akiokota kopo jalalani hawezi kusoma hatari iliyomo ndani.

Wajibu wa chama

Chama cha msingi kinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Kinaweza kutoa nafasi katika ghala wakati halina mzigo. Kinaweza kuazimisha msumeno, randa, patasi na tupa, kila kimoja kikiandikwa katika rejista ya vifaa na kutiwa saini kinapotoka na kinaporudi. Kinaweza kumwomba mzee muundaji wa zeze aketi na vijana siku moja kwa juma, naye apewe heshima na posho yake. Fedha yoyote itakayotumika iwemo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu. Fedha ya wakulima wa tumbaku isichotwe pembeni kwa ajili ya jambo lolote, hata liwe jema namna gani.

Vijana wakianza kuuza, wafungue daftari tangu gitaa la kwanza. Chukulia mfano kwamba nyuzi, gundi na msasa viligharimu shilingi 12,000, na gitaa likauzwa shilingi 30,000. Wengi watasema faida ni shilingi 18,000. Lakini ikiwa kazi ilichukua siku nne, hizo 18,000 ndizo ujira wa siku nne, yaani shilingi 4,500 kwa siku, na faida bado haijaonekana. Daftari litawaonyesha kama la kufanya ni kuongeza bei, kupunguza siku, au kuboresha kazi. Kundi likishakuwa na hesabu za mwaka mzima, ndipo limwendee ofisa ushirika wa wilaya kuuliza habari za kuandikishwa. Kundi lisilo na hesabu lina matumaini tu, na matumaini hayakaguliwi.

Ndugu wanachama, wapagazi wa Unyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo, na thamani yake ikaonekana ng'ambo ya bahari. Mninga na mpingo vimefuata njia hiyo hiyo. Kipande kimoja cha ubao kinachobaki karakanini, kikipimwa sawasawa na kutiwa nyuzi tatu, kitabaki Tabora na kutoa sauti hapo hapo. Katibu atakayeondoka na neno moja katika mazungumzo haya aondoke na hili: kabla ya mkutano ujao, aandike majina ya wazee wa eneo lake wanaojua kuunda zeze, na majina ya vijana watatu walio tayari kujifunza. Orodha hiyo ndiyo mwanzo wa kazi.