Sauti Kwanza, Manyoya Baadaye: Kuwatambua Videnenda wa Bonde la Kilombero

Wageni mliokuja mkitarajia habari za flamingo: poleni. Ndege wangu wa leo ana urefu wa sentimita kumi na kitu, mgongo wa kahawia wenye michirizi myeusi, na akijibanza kwenye matete hamumwoni hata akiwa hatua tano mbele yenu. Ni kidenenda, ambaye wanasayansi humwita Cisticola.

Jenasi hii ina spishi zipatazo hamsini, karibu zote za Afrika, na nyingi zinafanana mno. Isitoshe, baadhi yao hubadili manyoya: mkia wa msimu wa kuzaliana si mkia wa kiangazi. Aliyelivalia njuga tatizo hili ni Hubert Lynes, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyefikia cheo cha admirali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alizunguka Afrika akiwafuatilia videnenda, na mwaka 1930 akachapisha tathmini ya jenasi nzima. Nakiri kuwa namwonea wivu: ni wachache leo wanaopewa miaka mingi hivyo kwa ajili ya ndege wa gramu kumi.

Ndege hawa wenyewe hawana shida ya kutambuana, kwa sababu jike hachagui dume kwa michirizi ya mgongo peke yake. Dume hupanda kwenye bua refu akaimba. Wa spishi nyingine hupaa juu ya nyasi akitoa mlio mkavu, zit, zit, zit, mmoja kila anapojiinua angani. Huyo wa pili mmemsikia wengi wenu kwenye majaruba ya mpunga, mkadhani ni mdudu. Kiota chake ni kama chupa ndogo, majani mabichi yakiwa yameunganishwa kwa utando wa buibui, karibu kabisa na ardhi.

Sasa twende Kilombero. Bonde hili limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na masika mto unapofurika, eneo kubwa la nyasi na matete hugeuka maji. Kwa miaka mingi msafiri wa Ifakara kwenda Mahenge alivuka kwa kivuko. Katika miaka ya 1980 watazamaji wa ndege waligundua hapo aina tatu ambazo sayansi haikuwa nazo: mnana mmoja na videnenda wawili. Mnana alipata jina upesi, Ploceus burnieri, mwaka 1990. Ana manyoya ya njano, anaonekana.

Videnenda wale wawili walisubiri hadi 2021. Ndipo Jon Fjeldså na wenzake walipowaeleza rasmi: Cisticola bakerorum, kwa heshima ya Neil na Liz Baker waliofanya kazi ya ndege Tanzania kwa miaka mingi, na Cisticola anderseni, kidenenda mwenye ncha za mkia zilizopauka. Ushahidi ulikuwa wa vielelezo vya makumbusho, nyimbo zilizorekodiwa, na vinasaba vilivyoonesha kwamba kila mmoja alitengana na jamaa zake wa karibu zamani sana.

Miaka thelathini na zaidi bila jina! Vitabu vya mwongozo viliwataja, wageni walilipa nauli kwenda kuwaona, lakini spishi isiyoelezwa rasmi ni vigumu kuiingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Na katika muda huohuo mashamba ya mpunga na mifugo viliendelea kusogea bondeni. Mimi silaumu mkulima. Hakuna aliyemwambia kuna nini kwenye yale matete. Nalaumu desturi yetu ya kuamini kwamba ndege asiyeonekana vizuri hajulikani, wakati sauti yake ilikwisha kurekodiwa.

Kwa hiyo wanafunzi watakaokwenda nami bondeni watajifunza kusikiliza kabla ya kushika darubini. Fikeni alfajiri, kabla upepo haujaanza kuchakarisha matete. Andikeni urefu wa bua alilotua, umbali wake na maji, kama anaimba peke yake au wawili wanapokezana. Rekodini hata mlio wa hofu, si wimbo tu. Mkiwa na shaka, mchezesheeni kwa spika wimbo wa spishi mnayoidhania: akiwa si wa kwao, aghalabu ataendelea na shughuli zake; akiwa ndiye, atakuja juu kama mwenye shamba aliyeona mwizi. Akija, zimeni spika papo hapo. Dume huyo ameamini kwamba amevamiwa, na kadiri anavyohangaika na mpinzani asiyekuwepo, ndivyo kiota chake kinavyobaki bila mlinzi.